Ukingo wa Timbo: Kisa cha Matembezi Katika Machimbo ya Zamani Nyuma ya Bamburi

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea katika ukanda wa machimbo ya mawe ulio kaskazini ya kisiwa cha Mombasa. Majina ya wahusika, ya kampuni yao na ya mwenye ardhi yameachwa. Timbo lenyewe, yaani shimo la kukatia mawe, limeelezwa kwa namna ambayo msomaji hatalifikia kwa kufuata maandishi haya, na ni heri iwe hivyo, kwa sababu pangali ni mahali pa hatari. Sehemu zinazojulikana na kila mtu zimetajwa kwa majina yake. Nimewaandikia waongozaji wageni, hasa wanaoanza kazi. Nimetegemea maelezo ya waongozaji watatu waliokuwepo, ya mzee aliyewahi kukata mawe hapo, na ya mgeni mmoja aliyeandika barua ndefu aliporudi kwao.

Usuli: wageni waliozoea kupanda

Wageni walikuwa tisa, wastaafu wote, kutoka bonde la Ruhr huko Ujerumani. Ukimwambia mtu wa Mombasa kuwa kuna kundi la Wajerumani linakuja, atakuuliza kama ni Bamburi au Diani, maana anawafahamu kwa kulala juani. Hawa hawakuja kulala juani. Walikuwa chama cha watembeaji, na wawili kati yao waliwahi kufanya kazi chini ya ardhi katika migodi ya makaa ya mawe. Barua yao ya kwanza ilisema hawataki simba. Walitaka kuona ardhi iliyochimbwa na kuachwa, na mahali pa kusimama waitazame.

Ombi hilo linaeleweka ukijua walikotoka. Ruhr ililishwa na makaa ya mawe kwa vizazi. Mgodi wa Zollverein mjini Essen ulifungwa mwaka 1986, na mwaka 2001 ukaingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mgodi wa mwisho, Prosper-Haniel wa Bottrop, ulifungwa Desemba 2018. Kilichobaki juu ya ardhi ni vilima. Kila tani ya makaa ilitoka na mawe yasiyo na kazi, mawe yakarundikwa, na rundo likakua mpaka likawa kilima. Leo vilima hivyo vina miti, vina njia za miguu na baiskeli, na kileleni pana pa kutazamia. Huko Bottrop kuna mnara wa chuma uitwao Tetraeder, uliosimamishwa mwaka 1995 juu ya kilima cha namna hiyo. Unapanda ngazi zake ukiwa na hewa tupu pande zote, na mji wote unakuwa chini yako.

Kwa hiyo kwao mandhari hutafutwa juu. Nalikazia hili kwa sababu ndilo lililozaa kisa. Makaa ya Ruhr yalifuatwa chini sana, zaidi ya mita 1,000 katika miaka ya mwisho, na kifusi kikapandishwa juu. Sisi huku tuliondoa mwamba wenyewe, tukianzia juu, na karibu wote ukaenda kiwandani au kwenye kuta za nyumba. Hatukubaki na vilima, tulibaki na mashimo. Mtu anayetafuta mandhari ya machimbo katika pwani hii, kama hakufikiri, atajikuta amesimama kwenye mdomo wa shimo.

Usuli: ardhi yenyewe

Ukanda wa pwani ya Mombasa umekaa juu ya matumbawe ya kale, yaliyoota baharini wakati maji yalikuwa juu kuliko leo, zaidi ya miaka 100,000 iliyopita. Jiwe hilo ndilo lililojenga Mji wa Kale na Ngome ya Yesu, ambayo Wareno waliianza mwaka 1593. Ndilo lililochomwa kwenye matanuu likawa chokaa. Na tangu mwaka 1954, kiwanda cha Bamburi kilipoanza kuzalisha, ndilo linalosagwa na kuchomwa likawa saruji. Ukiingia bara kilomita chache, matumbawe yanakoma na ardhi inainuka kwenye vilima vya miamba mingine, ya udongo wa tabaka, iliyo mikongwe zaidi. Nguuni, hifadhi ya wanyama, iko huko, na mikoma yake, na twiga na mbuni wake.

Mashimo nayo hayafanani. Ya kiwanda yalikuwa makubwa na mapana, na sakafu yake ilikaribia maji ya chini, ambayo yana chumvi. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi aliyekuwa akifanya kazi kiwandani, alianza kuyapanda miti. Zilijaribiwa aina 26, zikastahimili tatu, nao mvinje ukawa mti wa kazi. Majani ya mvinje hayaozi upesi. Yalirundikana tu juu ya mwamba mpaka wakaletwa jongoo wakubwa, wakayatafuna, na mavi yao yakawa mwanzo wa udongo. Mwaka 1984 watu wakaanza kuingia kutembea, na leo panaitwa Haller Park.

Kisha kuna matimbo madogo ya watu binafsi, yaliyotapakaa nyuma ya Kisauni na kuelekea Kilifi. Humo watu hukata mawe ya kujengea, zamani kwa shoka na mtaimbo, siku hizi kwa mashine yenye msumeno wa duara. Jiwe zuri likiisha, au maji yakiingia, timbo huachwa. Hakuna anayepanda mvinje.

Waongozaji walikuwa na leseni wote watatu. Kiongozi wa safari ni mwanamke mwenye uzoefu mrefu, ila uzoefu wake mwingi ni wa Mji wa Kale na ngome. Wasaidizi wake wawili ni vijana wa Kisauni. Hakuna hata mmoja aliyewahi kupeleka kundi katika timbo lisilo na mwangalizi.

Mpango wa siku

Ratiba iliyotumwa kwa wageni ilikuwa hivi: Nguuni asubuhi mapema kabla ya jua kali, Haller Park, kisha timbo lililoachwa saa sita mchana, pango la matumbawe alasiri, na kumalizia kwenye majabali ya mkono wa bahari wa Mtwapa jua likizama.

Timbo liliingia kwenye ratiba kwa picha. Msaidizi wa kwanza aliliona kwenye ramani ya setilaiti: shimo la mstatili lenye maji ya rangi ya feruzi. Akalitafuta mtandaoni, akakuta vijana wamejipiga picha wakining'iniza miguu ukingoni. Mwezi wa Machi, kaskazi ikiwa bado inavuma na ardhi imekauka kau, alikwenda mwenyewe. Alisimama pale pale, akapiga picha, akawatumia wageni. Walijibu siku hiyohiyo kwamba hilo lisiachwe kwa lolote. Saa sita ilichaguliwa kwa sababu jua likiwa utosini ndipo maji yanapong'aa.

Ruhusa aliiomba kwa mwenye duka la karibu. "Nendeni tu, hakuna mtu pale," akaambiwa. Hiyo ikahesabiwa kuwa ruhusa.

Kuhusu pango, Kiongozi alikuwa makini zaidi. Ni mzimu, yaani mahali pa matambiko, kuna vitambaa vyekundu na vyeupe, chupa za marashi, alama za ubani. Alikwenda kwa anayelitunza, akaelezwa kuwa wageni wasimame nje na wasipige picha, na akawaandikia wageni mapema. Niseme tu kwamba pango lilitendewa kwa adabu ambayo timbo halikuipata, na timbo ndilo lililokuwa na uwezo wa kuua.

Safari ilifanyika mwisho wa Mei, baada ya wiki kadhaa za masika. Hoteli huwa rahisi wakati huo. Hakuna aliyerudi kulikagua timbo baada ya Machi.

Yaliyotokea asubuhi

Nguuni ilikwenda vizuri, na ikatoa funzo ambalo halikupangwa. Kutoka juu wageni waliona ukanda wa pwani, mabati ya Bamburi, kiwanda, na bahari nyuma yake. Wakauliza machimbo yako wapi. Kijana akanyoosha mkono, lakini mbele ya kidole chake palionekana miti tu. Mgeni mmoja aliandika baadaye kwamba kwao kilima kirefu ndicho kinachokuonyesha mahali palipokuwa na mgodi, ilhali huku, ukiwa juu, machimbo hayaonekani kabisa.

Haller Park ilikuwa nusu kwa nusu. Msaidizi wa pili alisimulia kisa cha Owen na Mzee: mtoto wa kiboko aliyeokolewa karibu na mdomo wa Mto Sabaki baada ya tsunami ya Desemba 2004, akaletwa hapo akaandamana na kobe mkubwa wa Aldabra. Ni kisa kitamu, na kwa watoto wa shule hakikosei. Wageni hawa walisikiliza kwa heshima, kisha wakaanza maswali yao. Shimo lilikuwa na kina gani kabla ya miti? Maji haya ya mabwawa ni ya mvua au yanapanda kutoka chini? Walipoambiwa habari za jongoo walichuchumaa chini ya mivinje wakapekua majani kwa vijiti kama watoto. Halafu mmoja wa wale waliokuwa wachimbaji akauliza: waliokuwa wakivunja mawe humu walitoka wapi, na kazi ilipoisha walikwenda wapi? Hilo halikujibiwa. Halikuwa kwenye maelezo yaliyokaririwa.

Yaliyotokea kwenye timbo

Walifika kabla ya saa sita. Gari lilibaki barabarani kwa sababu njia ilikuwa tope. Sanduku la huduma ya kwanza lilibaki garini pia, kwa hoja kwamba mwendo ni mfupi.

Msaidizi wa kwanza alitangulia na kamba. Nia yake ilikuwa njema: kuifunga kati ya vichaka viwili, hatua chache nyuma ya ukingo, iwe mpaka ambao wageni wasiuvuke. Kiongozi aliwaweka wageni kwenye kivuli cha mwembe wasubiri mpaka aitwe. Kijana alipokuwa amepiga goti kufunga kamba kwenye kichaka cha pili, ukingo ulikatika mbele yake. Kipande chenyewe hakikuwa kikubwa, kama ukubwa wa mkeka wa kuswalia, lakini kilikwenda na kichaka na kamba. Alijirusha nyuma. Mguu wake mmoja uliteleza mpaka gotini juu ya jiwe jipya lililokatika, na tumbawe lililokatika lina meno. Sauti ya mawe kugonga maji ilichelewa kidogo kufika. Hapo ndipo wote walipojua kina cha shimo.

Kiongozi alipaza sauti asisimame, atambae. Akatambaa. Wageni wawili walikuwa wameshaanza kumwendea kumsaidia. Aliwazuia kwa mikono miwili.

Wakati huo mzee mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi upande wa pili alikuja mbio, kikoi kimekunjwa hadi magotini.

"Wanangu, rudini! Musisogee hata hatua! Hapo juu mwaona ardhi, lakini chini pameshaliwa."

"Pameliwa na nani, mzee wangu?" Kiongozi aliuliza.

"Na sisi. Na waliokuja baada yetu."

Akaeleza huku akivuta pumzi. Timbo lilipoachwa, watu waliendelea kuja kimyakimya kuchukua mawe ya mwisho. Sakafu imejaa maji, kwa hiyo walikata ukutani, chini ya ukingo, mstari baada ya mstari, kila mmoja akiacha kipaa juu ya kichwa chake. Ukisimama juu huoni chochote. Majani yameota kama kawaida.

Kisha akafanya jambo ambalo kila aliyekuwepo amelisimulia bila kuulizwa. Aliokota jiwe, akachutama mbali na ukingo, akagonga mwamba. Ukalia, sauti kavu ya juu. Akasogea mbele hatua moja, akagonga tena. Akasogea tena. Safari ya tatu sauti ilikuwa nzito, ya ndani, mfano wa debe tupu. Akarudi nyuma. Mmoja wa wachimbaji wastaafu, aliyekuwa hajui neno la Kiswahili zaidi ya jambo na asante, alimfuata kwa fimbo yake ya kutembelea, akagonga palepale, akatikisa kichwa, akawageukia wenzake akasema nao kwa Kijerumani. Mgodini walifanya vivyo hivyo kila siku: unagonga dari kabla ya kukaa chini yake, ukisikia utupu unaondoka. Wazee hao wawili waliendelea kugonga kwa dakika kadhaa, mmoja kwa jiwe, mwingine kwa fimbo, wakipanga mawe madogo kuonyesha mstari ambapo sauti inabadilika. Mstari ulikuwa nyuma kabisa ya mahali kamba ilipokusudiwa kufungwa.

Uamuzi

Kiongozi alikuwa na njia tatu. Kuvunja ziara ya timbo na kwenda pangoni. Kuhamia ukingo wa upande mwingine, ambao wageni wengi waliutaka kwa kuwa ulionekana mzima. Au kushuka chini.

Ukingo mwingine aliukataa mara moja, kwa sababu hakuna aliyejua umeliwa kiasi gani. Mzee alimwambia njia ya malori upande wa mashariki ni mwamba usiokatwa chini, na inafika kwenye sehemu kavu ya sakafu iliyo mbali na kuta. Alimtuma msaidizi wa pili ampeleke mwenzake zahanati kwa gari, kisha yeye na Mzee wakashuka kwanza, wakatazama kuta, wakarudi, na ndipo wakachukua wageni waliotaka kwenda. Wawili walibaki mwembeni. Sharti lilikuwa moja: hakuna kusogelea ukuta wowote kwa umbali ulio chini ya urefu wa ukuta huo mara mbili.

Huko chini

Ukuta wa timbo, ukiutazama kutoka sakafuni, ni bahari iliyosimama wima. Yalionekana matumbawe ya mviringo yaliyopasuliwa katikati na msumeno, mistari yake ya kukua ikiwa wazi. Makombe makubwa yaliyofungwa ndani ya jiwe yakiwa bado yameshikana. Matawi yaliyovunjika na kulala kama yalivyolala chini ya maji. Sehemu za juu zilikuwa na alama fupi, zilizopinda, za shoka. Chini yake alama zilikuwa ndefu na zimenyooka, za mashine. Mzee aliusoma ukuta huo kutoka juu hadi chini: hapa tulikuwa tukikata kwa mkono na kulipwa kwa idadi ya mawe; hapa ikaja mashine, watu wakapungua; hapa jiwe likawa laini, wanunuzi wakalikataa; hapa maji. Alitaja walikotoka wenzake, na walikokwenda, wengi kwenye matimbo ya Kilifi, wengine bodaboda. Swali lililokosa jibu Haller Park likajibiwa hapa na mtu asiye na leseni.

Na kutoka huko ndiko walikoona ukingo waliotaka kusimama. Ulitokeza hewani kama roshani isiyo na nguzo, mizizi ikining'inia chini yake. Chini kabisa, juu ya maji, kilikuwapo kile kichaka na kamba yake ya buluu.

Mazungumzo yakahamia kwenye maji. Wageni walieleza kwamba Ruhr, kwa sababu ya makaa kutolewa chini, ardhi ilididimia, na pampu hazina budi kufanya kazi daima, la sivyo vitongoji vingine vitajaa maji. Wakauliza huku nani anapampu. Mzee alicheka. "Nani apampu, na kwa mafuta ya nani?"

Walikaa chini muda mrefu kuliko ilivyopangwa. Pango walilifikia wamechelewa, na Mtwapa hawakufika.

Matokeo

Kijana alisafishwa jeraha na kushonwa. Likatunga usaha, kwa kuwa punje za tumbawe zilibaki ndani. Alikaa nje ya kazi wiki kadhaa, na malipo ya siku hizo yalizua mvutano ambao nimeombwa nisiueleze. Wageni walilipa ada yote. Barua ya yule mgeni ilisifu timbo kuliko kituo kingine chochote, na hapohapo ikasema wazi kwamba kama Kiongozi angewaita dakika chache mapema, safari ingeishia mochwari.

Mwenye ardhi alijitokeza baadaye, baada ya mwenye duka kumsimulia, na hakuwa na furaha. Kampuni imeliondoa timbo hilo kwenye ratiba. Mzee sasa huitwa kwenye safari za machimbo na kulipwa, akianza na Nguuni asubuhi.

Uchambuzi

Kilichookoa maisha siku hiyo ni jambo dogo: wageni waliwekwa mwembeni kusubiri. Kiongozi anasema alifanya hivyo kwa mazoea ya ngome, ambako hupandi ukutani kabla mwenzako hajahakikisha hakuna kundi jingine. Hakuwa akifikiria mwamba hata kidogo. Mazoea mazuri ya mahali pengine yalisaidia, na sioni aibu katika hilo. Jambo la pili ni kwamba alimsikiliza mtu wa mbuzi mara moja, bila kumuuliza yeye ni nani. Nimeona waongozaji wenye beji shingoni wakimfukuza mtu wa namna hiyo wakidhani anataka kuomba.

Kosa kuu lilikuwa ukaguzi wa Machi. Tumbawe la kale limejaa mashimo na mifereji iliyoliwa na maji ya mvua kwa maelfu ya miaka, na mingi imejaa udongo mwekundu. Wakati wa ukame udongo huo umeshikana, na ukingo uliokatwa chini unaweza kumbeba mtu, hata watu. Masika yakija udongo unalowa, unakuwa mzito, kisha unachuruzika, na kilichokuwa kimeshikilia hakipo tena. Kijana alisimama mahali palepale mara mbili na hakuwa mahali pamoja. Ukaguzi wa kiangazi una thamani ya kiangazi tu. Baada ya mvua kubwa unaanza upya, na unaanzia chini. Ukingo ambao hujauona kutoka sakafuni hujaukagua.

Kamba yenyewe inafaa kuzungumzwa. Ilikuwa wazo sahihi lililotekelezwa mahali pasipo sahihi, na hatua chache za nyuma zilitolewa kwa kukisia. Kwenye kilima cha kifusi kama vile vya Ruhr, hatari ya ukingoni ni kuteleza. Ukikaa nyuma kidogo umepona. Kwenye timbo la mawe ya kukata, hatari iko chini ya nyayo, na inaweza kuingia ndani kwa kiasi usichokijua. Mpaka huwekwa pale sauti inapobadilika, na anayeweza kuisikia ni aliyefanya kazi hiyo. Sipendekezi mwongozaji asiye mchimbaji ajifunze kugonga kwa kusoma hapa. Napendekeza amtafute mchimbaji, amlipe, amweke mbele.

Picha nazo zilifanya kazi yake. Aliyetumiwa picha ya ukingoni atataka kusimama ukingoni, umeshamuuzia. Wageni hawakushurutisha mtu, walidai walichoonyeshwa. Laiti picha ya kwanza ingepigwa kutoka njia ya malori, ikiwa na ukuta wenye makombe, ombi lao lingekuwa la kushuka, na huenda hata lile jua la saa sita lisingehitajika, maana ukuta huonekana vizuri zaidi mwanga ukiwa wa pembeni.

Je, Kiongozi alifanya sawa kuwashusha wageni muda mfupi baada ya ukingo kukatika? Nimewauliza wenzangu kadhaa na hatukubaliani. Wapo wanaosema eneo lenye tukio hufungwa, basi. Mimi naona uamuzi wa kushuka ulikuwa na hoja: njia ilikaguliwa, umbali uliwekwa, na hakuna aliyelazimishwa. Ninachoona hakikuwa sawa ni kubaki na wageni tisa bila mwongozaji mwingine na bila gari, huku saba wakiwa shimoni na wawili mwembeni. Kama mmoja angeanguka kwa joto, na Mei joto la Mombasa lina unyevu unaomchosha mzee haraka, wangempandisha kwa kitu gani? Gari lilikuwa zahanati, na sanduku la dawa lilikuwa ndani yake. Angeweza kuita bodaboda impeleke kijana na kubaki na gari. Hilo halikumjia, na katika hekaheka ile simshangai, lakini liandikwe kwenye mpango wa safari ijayo kabla ya kuhitajika.

Kuhusu maelezo ya mdomo: hadithi ya kiboko na kobe si mbaya, ila ilitolewa kwa watu waliobeba makaa. Tumezoea kuisimulia Bamburi kama kisa cha mtu mmoja aliyegeuza jangwa kuwa msitu. Haller anastahili sifa zake. Lakini shimo halikujichimba, na mgeni aliyeishi kwa kuchimba atakuuliza habari za mikono. Vijana wa Kisauni wanaofanya kazi hii wana wajomba na babu waliopitia matimbo. Maelezo hayo yako nyumbani kwao, hayahitaji maktaba.

Ruhusa ya mwenye duka si ruhusa. Mwenye ardhi aliwaambia kwamba angekuja mwenyewe kuwaonyesha palipoliwa, kwa kuwa anajua ni nani waliokuwa wakiiba mawe na upande gani. Kama ni kweli, basi saa moja ya kumtafuta mwenye shamba ingewapa taarifa waliyokuja kuipata kwa mguu wa kijana. Na kama si kweli, bado walikuwa kwenye ardhi ya mtu.

Watoto wa mtaa wangali wanakwenda kuruka majini, hasa Jumapili. Kampuni ilipiga picha za ukingo kutoka chini, ikazipeleka kwa chifu pamoja na maelezo ya Mzee. Njia ya pikipiki imezibwa kwa mawe, ingawa ya miguu ingali wazi. Mzee anataka ipandwe michongoma kuzunguka timbo lote, nyuma ya ule mstari walioupanga kwa mawe madogo. Mwenye ardhi amekubali michongoma; gharama ya miche na ya kuinywesha mpaka ishike, bado wanavutana.